Maji ya Baba Yaliyobandikwa Kila Jioni: Wasifu wa Mwalimu Mluzi

Ndugu, jamaa, majirani, walimu, na ninyi watoto mliokaa kwenye majani kwa sababu viti havikutosha: poleni kwa msiba, na asanteni kwa kuja. Anayewasomea ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, fundi cherehani wa pale sokoni. Kamati ya mazishi iliniomba wasifu wa ukurasa mmoja. Niliwaambia waongeze karatasi, kwa sababu maisha ya dada yangu hayaenei ukurasa mmoja, na kwa sababu lipo jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu na mnalisimulia kwa kunong'ona. Ni vizuri leo likasomwa mbele za watu.

Najua pia mnavyonitazama. Shamba hili na msitu ulio nyuma yangu tuliachiwa sisi wawili, na bila ya kauli zetu zote mbili hakuna shoka lililoweza kuingia humo. Sasa kauli iliyobaki ni yangu peke yangu. Kamati ya maji ya vijiji vya chini imekaa mstari wa mbele, na tangu asubuhi macho yao hayajabanduka usoni mwangu. Hawajakosea. Nimetaka msitu huu ukatwe tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kumficha mtu. Jibu langu nitalitoa mwishoni. Kwanza tumjue marehemu.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba hii hii, ya mwisho kabisa, pale ambapo barabara inakata tamaa na kuwa njia ya miguu. Alikuwa mtoto wa kwanza. Baba yetu alikuwa mfuga nyuki. Mizinga yake ya magogo ilitundikwa humo msituni, naye aliondoka asubuhi na kamba, ndoo na kifurushi cha majani makavu ya kufukizia moshi, akarudi jioni ananuka moshi na asali. Mama yetu alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache, na hata hayo machache alikuwa anayatoa kwa ubahili.

Baba hakuwa mtu wa kupiga hodi nyumbani kwake. Akiwa bado mbali msituni, anapoanza kuteremka, alipiga mluzi wa sauti tatu: mbili zinapanda, ya tatu inashuka na kuvutwa. Mama akisikia, anabandika maji ya kuoga. Baba akifika langoni na kushika ule mti wa kufungia, alipiga sauti ya nne, fupi, ya chini, kama mtu anayejisemea. Hiyo ilikuwa ya mama, na maana yake maji yamiminwe kwenye beseni. Sauti ya nne ilipigwa langoni tu. Haikuwahi kusikika msituni, na naomba mlishike hilo mkononi mpaka nitakapolihitaji.

Alhamisi tarehe 10 Juni 1971 baba aliingia msituni kutundika mzinga mpya. Jioni mluzi ulikuja kama kawaida, kutoka mahali pa kawaida. Mama alibandika maji. Mluzi ukaja tena, uko palepale. Ukaja tena. Maji yalichemka, yakapungua, sufuria ikaanza kunuka. Mama akasimama mlangoni na kipande cha kuni mkononi, akatuambia, "Baba yenu leo anacheza." Lakini baba hakuwa mtu wa michezo ya aina hiyo, na mama alilijua hilo kuliko sisi.

Wanaume wa kijiji walikwenda kumtafuta, na wengine wao wamo hapa leo, wazee wetu. Walifuata mluzi. Wakifika ulikotokea, unasikika mbele zaidi. Wakienda mbele, unasikika mkono wa kushoto. Walimwita kwa jina lake, na kila wakimwita walijibiwa mluzi, mtulivu kabisa, wa mtu anayerudi kazini. Waliwaza kwamba ameumia kichwa na anazunguka. Baadaye waliwaza mengine. Waligawanyika makundi mawili, na kila kundi likasikia mluzi upande wake kwa wakati mmoja. Hapo ndipo walipotoka msituni wote bila kuambiana kwa nini wanatoka.

Baba hakuonekana. Mluzi haukukoma. Kila jioni, saa kumi na mbili ikikaribia, ulikuja, na kila jioni mama aliacha alichokuwa akikifanya, akabandika maji. Watu wakaacha kwenda kuteka maji kwenye chemchemi ya humo msituni. Ikasemwa kwamba msitu umemla mtu na sasa unatumia sauti yake kuita wa pili. Mwenyekiti wa wakati huo akaitisha mkutano, na mkutano ukaamua kwamba baada ya mavuno msitu wote ukatwe na kuchomwa, ili kilichomo kitoke.

Marehemu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa mwembamba, mkaidi, na alikuwa na tabia ya kumwangalia mtu mzima machoni, iliyomletea viboko vingi. Siku moja baada ya mkutano ule aliingia msituni peke yake mchana, hakumuaga mtu. Alikaa ameegemea mti mmoja, akafumba macho, akanyamaza. Alinieleza baadaye kwamba ukifungua macho msituni unaona unachokiogopa, ukiyafumba unasikia kilichopo. Jioni ilipofika, mluzi ukapigwa juu ya kichwa chake. Alifumbua macho taratibu. Kwenye tawi palikuwa na ndege mdogo, kifua cha rangi ya chungwa bivu, mgongo wa kijivu, mkia unatetemeka. Akamtazama. Ndege akapiga sauti tatu za baba yetu, na ile ya mwisho akaivuta vilevile kama baba alivyokuwa akiivuta.

Alirudi nyumbani mbio, akamkuta mama jikoni anachochea moto. Akamwambia, "Mama, si baba. Ni ndege, nimemwona, anaiga."

Mama hakugeuka. Akasema, "Najua ni ndege."

"Sasa maji ya nini?"

"Siku akiwa ni yeye, atayakuta."

Mimi nilikuwepo, nimekaa karibu na kinu. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba katika nyumba yetu jambo hili halitaisha.

Marehemu alikwenda kwa mwenyekiti, akaomba yeye na wajumbe wake waje wakae msituni jioni moja tu. Walikwenda kwa sababu waliona aibu kuogopa mbele ya mtoto. Aliwaketisha, kila mmoja na mti wake, macho yamefumbwa. Mluzi ulipokuja aliwaambia wafumbue, akawaonyesha ndege. Mjumbe mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Aliuliza, "Na huyu ndege alimsikia mwenzetu wapi kwa mara ya mwisho?" Marehemu alibaki na swali hilo kwa miaka mingi.

Kijiji kilikubaliana nusu. Upande wa chini, uliokuwa wa kijiji, ulikatwa ukachomwa. Upande wa juu ulikuwa wa baba, na mama alikataa. Moto uliwaka wiki nzima na hakuna kilichotoka humo isipokuwa panya na majivu. Misimu michache baadaye kijito cha chini kilikauka, na kikabaki kile kinachotoka huku kwetu, ambacho vijiji vyote vya chini vinakunywa mpaka leo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972 na sekondari mwaka 1976. Akasomea ualimu, akahitimu mwaka 1978, na akaomba apangiwe shule ya hapa hapa kijijini, jambo lililowashangaza wenzake waliokuwa wanapigania kwenda mjini. Alifundisha sayansi kwenye darasa lile la mwisho lenye dirisha lisilofungika, na nyuma ya darasa akaanzisha kitalu cha miche. Aliwaita watoto kwenye kitalu kwa mluzi wa sauti tatu. Walimu wenzake walimwambia kwamba mwanamke na mluzi si heshima. Akawaambia kengele ya shule imeibwa, wamletee nyingine, naye ataacha. Hawakuleta. Hivyo ndivyo alivyopata jina la Mwalimu Mluzi, na kwenye orodha za mishahara tu ndiko alikokuwa na jina lingine.

Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na seremala. Mwalimu wa mazingira na seremala, mtajionea wenyewe. Watu waliwaambia hawatamaliza mwaka. Walikaa miaka ishirini na sita bila kugombania hata tawi, kwa kuwa seremala alikubali kununua mbao zake mbali na kutoutazama msitu wa mkewe kwa jicho la biashara. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, na mwenye adabu kupita kiasi. Jioni ya kwanza aliyokuja kutembelea wakwe alisikia mluzi msituni, akadhani ni jirani anasalimia, naye kwa adabu yake akaujibu. Mama akatoka jikoni na beseni la maji ya moto na kitambaa begani, akaliweka mbele ya mgeni. Seremala akamtazama mchumba wake, mchumba wake akatazama pembeni, na mimi nikajiuma mdomo. Basi akaenda bafuni, akaoga maji ya baba. Alipotoka, mama alikuwa amekaa kizingitini analia kimyakimya. Tangu siku ile alimpenda seremala kuliko sisi wanawe.

Kazi ya marehemu ilipanuka ikatoka shuleni. Alifundisha vikundi vya akina mama kujenga majiko yanayokula kuni kidogo, akawafundisha vijana matuta na njia za kuzuia moto, akarudisha mizinga msituni, mizinga ya masanduku, isiyohitaji mtu kupanda na kamba. Lakini alichojulikana nacho ni darasa la masikio. Hakuanza na mabango wala maneno ya semina. Aliwaingiza watu msituni, wake kwa waume, akawaketisha kila mmoja na mti wake, macho yamefumbwa, midomo imefungwa. Baadaye kila mmoja alieleza alichosikia. Aliyesema hajasikia kitu alirudishwa kukaa.

Kisha aliwateremsha upande wa chini, kwenye eneo lililokatwa, akawaketisha vilevile. Hapo watu hawakuvumilia. Sijui niwaelezeje wale ambao hamjakaa pale. Hakuna ndege, hakuna jani, na upepo unapita bila kugusa kitu. Unaanza kusikia moyo wako, halafu unaanza kusikia kama kuna mtu amekaa nyuma yako, naye amefumba macho. Baba mzima mmoja, mchoma mkaa, alisimama akalia kama mtoto, akaenda zake. Kesho yake alikuja kuomba miche. Marehemu alikuwa anasema kwamba watu hawaogopi kukosa maji, kwa sababu hawajayakosa bado, ila kimya kile kila mtu anakiogopa papo hapo.

Siku nyingine alikuja mgeni kutoka ofisi kubwa, amevaa buti mpya, akaingizwa msituni pamoja na watoto wa darasa la nne. Mluzi ulipokuja, mgeni akafurahi, akakunja midomo akaujibu. Watoto wote wakamgeukia. Mmoja akamwambia kwa upole, "Sasa itabidi ukaoge, mzee." Mgeni hakuelewa, lakini watu wanasema aliangalia nyuma njia nzima mpaka kwenye gari.

Mtu angeuliza, ndege gani anaishi miaka yote hiyo? Hakuna. Marehemu alieleza kwamba mtoto wa ndege anajifunza kwa wakubwa wake, naye akikua anamfundisha wake. Yule aliyemsikia baba alikufa zamani, na watoto wake, na wajukuu wake. Ndege hawa wa leo hawakumjua baba, kama ambavyo wanafunzi wa leo hawakumjua. Wanachojua ni kwamba jioni ikifika, katika msitu huu, unasema hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalisikia kwa mara ya kwanza. Mwezi wa Agosti mwaka 1989 marehemu na mumewe walikuwa wanafyeka njia ya kuzuia moto upande wa nyuma wa mlima, kwenye mawe, ambako watu hawaendi. Huko walikuta kamba kuukuu inaning'inia kwenye mti mrefu, imekatika. Juu ya mti palikuwa na mzinga wa gogo ambao haukuwahi kuvunwa, umejaa nyuki. Chini palikuwa na ndoo iliyoliwa na kutu, kifungo cha chuma cha mkanda, na baba yetu, kwa kadiri alivyokuwa amebaki.

Ndipo dada alipolipata jibu la swali la mwenyekiti. Ndege walimwiga baba kwenye njia zake za kila siku, kwa hiyo mluzi ulikuwa huko alikozoea kupita. Mahali alipoangukia alikuwa amekwenda siku ile kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kupigia mluzi pale. Wanaume wale, Mungu awape heri, walimtafuta kila mahali alipowahi kuwa hai. Upande pekee wa msitu uliokuwa kimya hawakuutazama, maana nani anatafuta mtu mahali palipo kimya? Marehemu alisema huenda hakufa siku ile ile. Alilisema mara moja tu, kwangu, na hatukulirudia.

Tulimzika palepale, sisi wanne, bila matangazo, kwa sababu mama hakutaka wale wazee waliomtafuta wabebe mzigo huo. Wengi wao wameshatangulia, na waliobaki nawaomba wasiubebe leo. Mama alisimama mbele ya lile kaburi dogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa salamu. Tulirudi nyumbani. Jioni mluzi ukaja, naye mama akabandika maji.

Hapo mimi nilishindwa. Nilihamia sokoni, nikapanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, kwa sababu kelele za mashine ya kusaga zinaziba kila kitu. Mama alifariki mwaka 1998, na marehemu akaendelea kubandika maji mahali pake, na jioni akayaogea mwenyewe, kwa kuwa hakupenda kitu kipotee. Walipokuja wanunuzi wa mbao nilimwambia tuuze. Nilimwambia mara nyingi, kwa hasira na kwa kubembeleza. Nilimwambia, "Dada, mimi namsikia baba anakuja kila siku na hafiki. Utoto wangu wote hafiki. Mtu ataishi vipi hivyo?"

Alikuwa anapanga vikopo vya miche, hakuacha kazi. Akasema, "Wewe unasikia hafiki. Mimi nasikia bado yuko njiani."

Nikamwambia ni ndege.

"Basi, ndege," akasema. "Ukiukata msitu, ndege wataondoka, na hapo atakuwa amekufa kweli. Na maji ya watu nayo yataondoka, hilo nimelisema mpaka koo limekauka, nawe unaendelea kunipigia hesabu ya mbao."

Hatukupatana juu ya hilo mpaka mwisho. Tulipatana juu ya mengine yote. Alinifulia nguo nilipolazwa, nilimshonea kila gauni alilovaa, na hili alilovaa leo nimelishona mimi.

Mumewe alifariki tarehe 19 Mei 2009. Marehemu alistaafu ualimu mwaka 2018, lakini kitalu na darasa la masikio hakuvistaafu. Mwezi wa Februari 2022 sauti yake ilianza kukwaruza. Madaktari walikuta saratani ya koo. Alitibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Kufikia mwaka huu hakuweza kuzungumza, na mluzi ndio kabisa. Watoto wa shule walikuja kumwona, wakajipanga barazani, wakampigia wao mluzi wa sauti tatu, wengi wao bila kuelewana na midomo yao, na marehemu alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nikafunga cherehani yangu, nikarudi nyumba hii niliyoikimbia, nikamuuguza pamoja na binti yake.

Yaliyofuata nayasoma kama yalivyotokea, kila mtu na akili zake. Marehemu alikuwa analala kitanda cha barazani, uso umeelekea msituni. Wiki zilivyokwenda, mluzi ulikuwa unakaribia. Mwanzo ulikuwa juu kule kwa kawaida. Kisha ukasikika ukingoni mwa msitu. Kisha kwenye miche mikubwa ya kitalu cha nyumbani, usawa wa uzio. Nilijieleza kwamba ni ukame, ndege wanafuata maji tunayomwagilia. Binti yake, ambaye ni muuguzi na si mtu wa maneno ya ajabu, alianza kuingia ndani ikifika saa kumi na moja na nusu.

Ijumaa tarehe 8 Septemba 2023, jioni, nilikuwa naanua nguo kwenye kamba, nimeligeuzia lango mgongo. Mluzi ukaja, karibu sana, sauti tatu. Mbili zikapanda, ya tatu ikashuka ikavutwa. Kisha pale langoni, kwenye mti wa kufungia, ikapigwa sauti ya nne. Fupi, ya chini. Sikuwa nimeisikia tangu mwaka 1971.

Sikugeuka. Niwaambie ukweli, nisingegeuka hata kwa kulazimishwa. Nilimtazama dada. Alikuwa amefumbua macho, anatazama nyuma yangu, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyesubiri mlangoni mchana kutwa. Aliinua kidole akaonyesha jikoni. Nikamwambia, "Dada, ni ndege tu." Akaonyesha tena jikoni, kwa ule ukaidi wake.

Basi nikaenda. Katika maisha yangu yote sikuwahi kubandika maji yale, na kiberiti kilinishinda mara kadhaa. Yalipopata moto niliyamimina kwenye beseni, nikayachukua barazani. Marehemu alikuwa ameshaondoka. Macho yalikuwa bado yameelekea langoni, na langoni hapakuwa na mtu wala ndege.

Sauti ile ya nne walikuwa wanaijua watu wanne. Watatu wameshatangulia. Huenda marehemu aliipiga mwenyewe siku moja alipokuwa mzima, peke yake langoni, na ndege fulani akaishika, akaiweka. Ndivyo ambavyo yeye mwenyewe angewaeleza wanafunzi, na ni maelezo mazuri. Mimi nayakubali mchana. Yale maji hayakupotea. Mimi na binti yake tulimwogesha kwayo, yakiwa bado na uvuguvugu.

Sasa jibu langu. Kamati ya maji, pumueni. Msitu haukatwi. Haukatwi mimi nikiwa hai, na jana nimekaa na wanawe marehemu, wao na mimi tumeuweka chini ya uangalizi wa shule na vijiji vyote vinavyokunywa maji yake, mbele ya mwenyekiti wa sasa. Mwenye shoka atafute pengine. Sijageuka kuwa mpenda miti, msije mkaniletea miche ya kupanda. Ila nimeisikia ile sauti ya nne, na sasa najua kwamba ule mluzi unaweza kufika.

Marehemu ameacha binti mmoja muuguzi, mtoto wa kiume mmoja dereva, wajukuu watano, mdogo wake mmoja anayewasomea haya, wanafunzi wa miaka arobaini, na ndege wa msitu wa juu pamoja na watoto wao.

Kamati ya mazishi ilitaka tuzike saa nane ili watu wa mbali wawahi usafiri. Nilikataa, tunazika saa kumi na moja jioni, hapa ukingoni, kwenye njia aliyoingilia baba. Kwa hiyo tukiwa bado tunafukia udongo mtausikia. Nawaomba msikimbie na msijibu. Fumbeni macho, msikilize, kama alivyowafundisha. Na msiponiona kaburini wakati huo, msinitafute. Nitakuwa jikoni.

Pumzika kwa amani, Mwalimu Mluzi. Msalimie baba, mkija wote maji yapo motoni.